Baiskeli kutoka Tabora hadi Kigoma wakati wa joto kali: dalili, chanzo na la kufanya

Ukiumwa kichwa saa 8 mchana ukikaribia Kaliua, usitafute chanzo chake hapo ulipo. Kitafute saa 2 asubuhi, ulipopita kisima bila kusimama kwa kuwa hukuwa na kiu. Kitafute jana usiku, ulipolala na chai tupu kwa sababu uchovu ulikunyima hamu ya kula. Joto mara nyingi halimwangushi mwendesha baiskeli papo hapo, humdai baada ya saa kadhaa. Kwa hiyo kila dalili hapa chini nimeirudisha nyuma hadi inakoanzia. Ukituliza dalili peke yake, kesho yake itakusubiri barabarani.

Njia ninayoizungumzia inapita Urambo, Kaliua, Usinge, Nguruka, Malagarasi na Uvinza, zaidi ya kilomita 400 kwa jumla. Msimu ni Septemba na Oktoba, kabla mvua za Novemba hazijaanza. Wengi huchagua miezi hiyo kwa kuwa barabara ni kavu, na ni sababu ya maana. Lakini njia hii ina tabia zake, na asiyezijua atalaumu mwili wake bure.

Tabora na Kigoma zote ziko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri hupita utosini kabisa. Tena tunatumia saa zile zile za Dar es Salaam ilhali tuko mbali magharibi. Mwezi huo jua la Dar huwa utosini karibu saa 6 na dakika 10 mchana. La Kigoma hufika hapo karibu saa 7 kasorobo. Mtu wa pwani anayetoka kivulini saa 9 alasiri, akidhani makali yamepungua, anaingia barabarani joto likiwa ndiyo kwanza limefika kileleni. Huku rudi kwenye baiskeli saa 10 na nusu. Giza nalo huchelewa kuingia, kwa hiyo bado una saa mbili nzuri za kuendesha.

Jambo la tatu ni upepo, na hili watu wengi hawalifikirii. Upepo wa kiangazi huku mara nyingi hutoka mashariki au kusini mashariki. Anayekwenda Kigoma unamsukuma mgongoni, naye anafurahi kwa kuwa kilomita zinakwisha haraka. Lakini upepo unaokwenda kasi sawa na yako haukupepei hata kidogo. Unaendesha ndani ya hewa iliyosimama, jasho linakawia kukauka na mwili unajilimbikizia joto. Siku ya upepo wa nyuma ndiyo siku ya kusimama mara nyingi zaidi, hata kama miguu inakuambia uko vizuri.

Kichwa kizito, kizunguzungu ukiinuka, mkojo wa njano iliyokolea

Hapa maji yamepungua mwilini. Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari na hewa yake ya Oktoba ni kavu sana; jasho hukauka kabla hujaliona. Unajipapasa mkono, unaukuta mkavu, unajiona hutoki jasho. Tazama mgongo wa shati lako: michirizi myeupe ya chumvi ndiyo ushahidi. Mtu anayeendesha kwenye jua la namna hiyo anaweza kupoteza lita nzima kwa saa, na kiu huja baadaye.

La kufanya sasa: kaa kivulini na unywe kidogo kidogo. Ukimimina lita nzima kwa mkupuo, tumbo litakataa. La kufanya kesho: anza kunywa kabla ya kuondoka, kisha kati ya nusu lita na robo tatu ya lita kila saa, kuanzia saa ya kwanza. Chunga mkojo wa asubuhi. Ukiwa na rangi ya majani makavu yaliyofifia, nenda. Ukiwa umekolea, jana hukulipa deni lako, na kabla ya kulipa usiondoke.

Ukipata mzani, jipime kabla na baada ya siku moja ya safari. Kila kilo iliyopungua ni takriban lita moja ya maji ambayo hukuirudisha. Mzani wa duka la nafaka unatosha kabisa. Omba tu kwa heshima.

Maji yenyewe: mwishoni mwa kiangazi visima vifupi hukauka au hubaki na tope. Ulizia pampu ya mkono au bomba la kijiji, na hata hayo yatibu kwa vidonge vya klorini au yachemshe jioni. Kuhara kwenye joto hili ni njia fupi ya kwenda hospitali. Ili maji yasichemke kwenye chupa, ivalishe soksi ya pamba iliyoloweshwa. Hewa kavu ya Tabora na Urambo itayapoza vizuri. Karibu na ziwa mbinu hiyo hupungua nguvu, kwa sababu hewa ya huko ina unyevu.

Unakunywa sana, mkojo ni mweupe, lakini bado unaumwa

Hii ni kinyume cha ile ya kwanza, na watu huichanganya nayo. Kichwa kinauma, kichefuchefu kinakuja, vidole vimevimba mpaka pete inabana, na mkojo hauna rangi yoyote. Mwenzako anakuhimiza, "Kunywa maji ndugu yangu," nawe unazidisha. Tatizo ni kwamba maji matupu yameizidi chumvi ya damu. Jasho limetoka na chumvi, wewe umerudisha maji peke yake siku nzima.

Acha maji matupu kwa muda. Kula kitu chenye chumvi: supu, dagaa wa kukaanga, karanga zilizotiwa chumvi. Mtu akianza kuchanganyikiwa, kutapika mfululizo au kupata degedege, ni hospitali mara moja, wala asiongezewe maji njiani.

Namna ya kuzuia ni rahisi, na njia hii imejaliwa. Uvinza kuna chemchemi za maji ya chumvi ambazo watu wamekuwa wakizichemsha kupata chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja, na chumvi hiyo ilisafiri mbali kwa miguu ya wapagazi. Beba kiasi kwenye kikaratasi. Katika lita moja ya maji safi weka vijiko 6 vya chai vya sukari, vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Usikadirie kwa macho, maana chumvi ikizidi inadhuru. Pakiti ya ORS ya duka la dawa hufanya kazi hiyo kwa uhakika zaidi: pakiti ya lita moja ndani ya lita moja, isigawanywe nusu nusu. Mimi huona inatosha chupa moja ya mchanganyiko kwa kila chupa moja au mbili za maji ya kawaida, kisha chakula cha jioni chenye chumvi kimalize kazi.

Maneno yanavurugika, baiskeli inayumba, mtu anakuwa mkali bila sababu

Tafadhali soma sehemu hii kwa utulivu kabla ya safari, na mwenzako aisome pia. Mtu aliyefika hapa hawezi kujitambua, na maisha yake yatakuwa mikononi mwa aliye karibu naye.

Kuna uchovu wa joto na kuna kiharusi cha joto. Katika uchovu wa joto mtu amelegea, ana kichefuchefu, ngozi inatoka jasho, moyo unaenda mbio, lakini akili yake ni timamu. Mlaze kivulini, inua miguu yake, mfungue nguo, mnyweshe, mpepee. Baada ya nusu saa au saa moja anapaswa kuwa anarejea. Siku hiyo haendeshi tena, hata akisihi.

Kiharusi cha joto ni pale joto la ndani linapopita nyuzi 40 na ubongo unaanza kuathirika. Wengi tumefundishwa kungoja ngozi ikauke ndipo tushtuke. Usingoje. Mtu aliyepatwa akiwa anaendesha mara nyingi bado analowa jasho. Kinachotofautisha ni akili. Muulize leo ni siku gani, tumetoka kijiji gani, jina la mama yake ni nani. Akijibu hovyo, akikasirika, akitembea kama mlevi au akizimia, hii ni dharura.

Mpoze kwanza, kumsafirisha baadaye. Mvue nguo za nje. Mmwagie maji mwili mzima, yoyote yaliyopo, hata ya kisima chenye tope, kisha mpepee kwa nguvu bila kuacha. Khanga au kitenge kilicholoweshwa kifunike kifua na mapaja, kikipata joto kilowekwe tena. Shingoni, makwapani na kwenye kinena ndiko damu inapita karibu na ngozi, kwa hiyo vitambaa vya maji viwekwe huko. Kama hawezi kumeza vizuri usimpe kitu mdomoni. Panadoli haishushi joto la aina hii. Gari au bodaboda ikipatikana, endeleeni kumpoza njiani mpaka mfike zahanati au kituo cha afya.

Ukiwa peke yako na unahisi ubaridi ukitambaa mgongoni katikati ya jua, au nywele za mikono zimesimama, shuka kwenye baiskeli dakika hiyo hiyo na uelekee nyumba ya kwanza unayoiona. Piga hodi. "Shikamoo mama, jua limenizidi, naomba kivuli na maji ya kujimwagia." Sijui kaya ya Unyamwezini wala ya Uha ambayo ingekataa ombi hilo. Utaletewa kigoda chini ya mwembe kabla hujamaliza kusema.

Chanzo chake? Mara nyingi ni siku za mwanzo. Mwili huhitaji kati ya siku 7 na 14 kuzoea joto: jasho lianze mapema, litoke kwa wingi, na lipunguze chumvi linayobeba. Anayetoka ofisini Dodoma akapanda treni, akashuka Tabora na kutaka kufika Urambo, kilomita 90 hivi, siku ya kwanza, anaomba kitu ambacho mwili bado haujajifunza. Siku tatu za kwanza zipe nusu ya mwendo uliopanga.

Dawa nazo zichunguzwe. Vidonge vya mafua na mzio vya aina ya Piriton vinaweza kupunguza jasho. Dawa za presha zinazokojoza hutoa maji. Usiziache kienyeji, muulize daktari kabla ya safari. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo wengi hutafuna kwa maumivu ya magoti, ni hatari kwa figo wakati mwili umekauka. Na ukiona mkojo wa rangi ya chai ya rangi, kahawia kabisa na si njano tena, pamoja na misuli inayouma mno, safari imeishia hapo. Nenda hospitali siku hiyo.

Misuli ya mapaja inakaza usiku

Nyoosha msuli polepole, usiuminye. Uchovu na upungufu wa chumvi huchangia, lakini kabla ya kulaumu chumvi angalia urefu wa siti. Ikiwa chini sana, paja linafanya kazi kupita kiasi. Pedali ikiwa chini kabisa, goti libaki limekunjwa kidogo tu.

Chakula hakipiti

Wakati wa joto damu inakimbilia kwenye ngozi, tumbo linabaki na kidogo. Ugali wa saa 7 mchana utakaa kama jiwe. Kula kwa wingi alfajiri na usiku, mchana tafuna vitu vidogo vidogo. Eneo hili lina chakula cha safari kilichobuniwa kitambo: michembe na matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, ambavyo haviozi wala haviyeyuki kwenye begi. Asali ya Tabora kwenye kichupa kidogo huleta nguvu haraka. Uji mwepesi wenye chumvi kidogo hupita hata pale kila kitu kingine kinapokataliwa. Soda isiyo baridi sana nayo inafaa, lakini iongeze maji, kwa kuwa sukari nyingi hukawia tumboni.

Homa baada ya jua kuzama

Mchana ulichoka, ukadhani ni jua. Sasa ni saa 3 usiku, umeoga, umekunywa, umelala kwenye upepo, na mwili bado unawaka au unatetemeka. Joto la jua hushuka ukipumzika na kupoa. La malaria halifuati jua. Kigoma na Tabora ni mikoa yenye malaria nyingi, na mtu anayelala nje bila chandarua kwa sababu ya fukuto anajitafutia. Asubuhi nenda zahanati upime; kipimo cha haraka huchukua dakika chache. Usinunue dawa ya mseto kwa kukisia, na usiendelee na safari kwa kukisia.

Kuna jingine la huku. Kwenye misitu ya miombo kuelekea Malagarasi kuna mbung'o. Huvutwa na kitu kinachotembea na hasa rangi ya bluu na nyeusi, rangi zile zile zinazobeba joto. Dalili utakayoiona kwanza ni kwamba hutaki kusimama kupumzika kwa kuwa wanakuvamia, na hapo ndipo unapoharibu ratiba ya maji. Vaa kaki au rangi ya mchanga, shati pana la mikono mirefu, kitambaa kizito kiasi. Mbung'o wanaweza kuleta malale. Homa ikija hata wiki kadhaa baadaye, mwambie daktari ulipita wapi.

Harara, na mapaja kuchubuka

Oga kila jioni hata kwa kopo moja, kausha ngozi kabisa, lala bila nguo ya kubana. Mapaja na makalio yapake mafuta ya mgando kabla ya kuondoka, si baada ya kuumia. Fua kaptula kila usiku. Chumvi iliyokaukia kwenye mshono ndiyo inayokwangua.

Mpira unapasuka baiskeli ikiwa imesimama

Watu husema jua limejaza upepo. Tupige hesabu. Mpira uliojazwa paundi 60 alfajiri, hewa ikiwa nyuzi 20, utafika paundi 67 hivi ukipata joto la nyuzi 50. Hiyo haipasui mpira mzima. Inapasua mpira uliochanika ubavuni, ulioliwa mpaka nyuzi zinaonekana, au ambao haukukaa sawa kwenye rimu. Kwa hiyo kabla ya kupunguza upepo, zungusha gurudumu na ukague ubavu wote. Ukipunguza sana, mzigo wa nyuma utabana tyubu dhidi ya rimu kwenye shimo la kwanza.

Pancha nyingi za njia hii ni miiba ya migunga. Kabla ya kurudisha tyubu pitisha vidole taratibu ndani ya tairi lote, maana mwiba uliobaki utatoboa tena.

Kiraka kinabanduka mchana

Kilibandikwa vibaya asubuhi. Solusheni huwekwa na kuachwa mpaka ikauke, ukigusa isinate kidoleni. Ndipo kiraka kinabandikwa. Ukikibandika bado ikiwa mbichi, kitashika kwa baridi ya alfajiri na kuachia joto likipanda. Kwangua tyubu kwa msasa kwanza, fanyia kazi kivulini, kisha minya kwa nguvu. Mwambie hivyo hata fundi mwenye haraka, kwa upole.

Cheni inalia

Oili nyingi pamoja na vumbi jekundu hugeuka kuwa msasa. Futa kwa kitambaa kikavu kila jioni, tia tone moja kwa kila kiungo, zungusha, futa tena nje. Grisi iache kwenye gololi. Spoki zikikatika gurudumu la nyuma, usilaumu joto. Punguza mzigo wa keria.

Simu inajizima

Toa kwenye mfuko wa plastiki ulio juu ya hendeli na uifiche ndani ya nguo katikati ya begi. Usiichaji ikiwa ya moto. Andika kwenye karatasi majina ya vituo vya reli, Urambo, Kaliua, Usinge, Nguruka, Uvinza, kwa kuwa reli ya kati iko jirani na njia na ndiyo mlango wako wa kutokea ukiishiwa nguvu. Ulizia mapema siku za treni, maana haipiti kila siku.

Jasho linatiririka lakini hupoi

Hii hutokea mwishoni, ukishuka kuelekea Kigoma. Ziwa Tanganyika liko kwenye mita 770 hivi, zaidi ya mita 400 chini ya Tabora, na hewa yake ina unyevu. Jasho linadondoka badala ya kukauka, na jasho linalodondoka halipozi. Ulivyozoea Tabora havitoshi hapa: punguza mwendo zaidi, simama penye upepo wa ziwa badala ya kivuli kilichofungwa, jimwagie maji na ujipepee.

Kwenye miteremko ya mwisho kabla ya mji, breki za rimu zikishikwa mfululizo na mzigo ulionao huchemsha rimu mpaka tyubu inapasuka. Kaba, achia, kaba, achia, ukigawa kazi kati ya mbele na nyuma. Rimu ikiunguza kidole, simama kandokando ya barabara mpaka ipoe yenyewe, na maji yaliyobaki kwenye chupa yanywe.